Saa ya Machi

Saa kumi na nusu, alfajiri ya Yakima,
baba yangu Orrin Tvedt amekwisha kuvaa soksi.
Taa ya sebuleni haiwashi, anasema mwanga huleta majirani.
Anapapasa rimoti kwenye pembe za sofa
akiilaani kwa sauti ya chini, kwa heshima yangu.

Huko Suffolk ni saa sita na nusu mchana,
watu wana soseji mkononi na kijua cha uongo kichwani.
Huku kwetu hata mbwa wa Delphine hajabweka.
Mpira ni huohuo mmoja,
ila wao huufuata kwa miguu, sisi kwa usingizi.

Alikuwa fundi wa ndege za jeshi kule, kijana wa miaka ishirini.
Miaka miwili ya manyunyu na chai ya maziwa,
akarudi na vitu viwili: kikohozi
na timu isiyoshinda.
Kikohozi kilipona.

Miaka mingi hakuiona. Aliisoma tu,
matokeo ya juzi, herufi kama mayai ya chawa, chini ya mbio za farasi,
au aliisikia kwenye redio ya masafa mafupi
iliyokohoa kuliko yeye.
Halafu televisheni ikagundua kwamba
watu wasiolala nao ni soko.
Leo chaneli hii, kesho ile,
keshokutwa programu ya kulipia inayodai nenosiri
lenye herufi kubwa, tarakimu na alama ya mshangao.
"Ya mshangao ya nini?" alinifokea kwenye simu.
"Mimi sishangai. Nimekasirika."
Ndiyo maana kila Ijumaa usiku nalala hapa,
na mto wangu, na miaka yangu hamsini na mmoja.

Sasa, mwezi wa Machi
Marekani husukuma mshale wa saa mbele
na Uingereza hujifanya haijaona,
hadi Jumapili ya mwisho wa mwezi.
Katikati hapo dunia huenda kombo:
mechi ya saa kumi na nusu
huja saa kumi na moja na nusu.
Nilimwandikia karatasi, nikaibandika kwenye friji
kwa sumaku yenye umbo la tufaha.
Hakuisoma. Saa kumi na nusu, soksi,
na kwenye skrini, mwanamume mwenye meno mengi
anauza kikaango kisichoshika yai.

Tukakaa.
Tukalitazama yai likiteleza mara tisa.
Baba akasema, "Mama yako aliichukia Jumamosi."
Yai likateleza.
"Alisema ameolewa pamoja na redio, uke wenza wa mabetri."
Akakuna goti.
"Lakini mwaka ule wa mwisho aliamka nami.
Mpira haukumhusu. Alikuwa anahesabu skafu za mashabiki,
zipi za kusukwa kwa mkono, zipi za dukani.
Siku moja alifika mia na nne, wakampelekea tangazo la bima.
Alilia, Gretchen. Kwa sababu ya tangazo la bima."
Hayo sikuyajua.
Mwaka ule nilikuwa Tacoma, nikipiga simu Jumapili,
dakika kumi, nikiuliza dawa.

Sikuwa na la kusema, nikasema, "Tukinunue."
Tukakinunua. Malipo manne, kutumiwa bure.

Filimbi ikalia saa kumi na moja na nusu.
Tukafungwa mawili, la pili kipa wetu alijitilia mwenyewe,
lakini baba hakuliona, alikuwa amelala mdomo wazi,
na mimi nilikuwa jukwaani nikitafuta za mkono.
Tatu. Labda nne.

Jumapili ya mwisho Waingereza nao wakasukuma mshale,
ratiba ikakaa sawa, mtangazaji akaishukuru kampuni ya matairi.
Jumamosi iliyofuata, soksi, rimoti, na mpira papo hapo,
hakuna nafasi ya mtu kukohoa.

Kikaango kilifika Aprili.
Yai linashika.
Nimesema tukirudishe, risiti ninayo.
Baba analibandua kwa kijiko cha mbao, taratibu,
amenipa mgongo,
anasema ngoja kwanza, ngoja.